Miaka 18 na daftari la mama

Najua nimepotea. Wiki tatu zilizopita nilikuwa Geita, na kilichonipeleka kule hakikuwa kazi ya ofisi. Haya nimeyaandika mara mbili nikayafuta. Leo nayaacha hivi hivi yalivyo.

Nianze na daftari.

Bimkubwa wangu ana daftari dogo la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Analitunza ndani ya sanduku la bati, pamoja na cheti changu cha kuzaliwa na kadi yangu ya kliniki. Humo ameandika mwezi, kiasi, na siku fedha ilipoingia. Mstari wa kwanza ni Mei 2011: sh. 40,000. Kuna miezi yenye 40,000, kuna yenye 15,000, na kuna miezi ameandika neno moja tu, "kimya". Mstari wa mwisho ni Februari 2016. Machi 2016 nilitimiza miaka 18.

Mzee wangu alikuwa fundi mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Shinyanga. Pamba ilipoanza kusuasua naye akafuata dhahabu, kama wanaume wengi wa mtaani kwetu Ngokolo. Wengine walikwenda Kakola, wengine Mgusu, yeye akaangukia Nyarugusu. Mwanzoni alikuwa anarudi kila mwisho wa mwezi. Baadaye ikawa kila sikukuu. Mwaka 2010 tukajua kwamba Katoro kuna mama mwingine, na mtoto wa kiume wa miaka miwili. Ndoa ikaishia hapo.

Mama hakwenda mahakamani. Alikwenda ustawi wa jamii, baba akaitwa, akaja na shati lililopigwa pasi. Wakakubaliana mbele ya ofisa: sh. 40,000 kila mwezi kwa ajili yangu, kwa njia ya simu. Wakatia saini. Nilikuwa darasa la sita.

Kusema kweli mzee alijitahidi. Ujumbe wa M-Pesa ulipoingia mama alikuwa ananipa simu nimsomee, ingawa kusoma anajua. Nadhani alitaka nisikie jina la baba likitajwa na kitu kizuri. Kisha analeta daftari.

Sasa hiyo Machi 2016 haikuingia fedha. Uliingia ujumbe wa kawaida: "Binti ametimiza miaka 18. Mimi nimemaliza."

Nilikuwa kidato cha nne. Usishangae mdau. Nilianza darasa la kwanza nikiwa na miaka 8, jambo la kawaida kabisa kwetu miaka ile. Mtihani wa taifa ulikuwa Novemba. Yaani baba alimaliza miezi minane kabla sijashika karatasi ya mtihani.

Mama alivaa kitenge chake kizuri akaenda ofisi moja kuuliza. Jibu alilorudi nalo nalikumbuka hadi leo: "Mama, huyo kisheria si mtoto tena. Baba yake amemaliza wajibu wake." Akakunja karatasi ya makubaliano, akairudisha sandukuni. Hatukuuliza tena popote.

Na wajomba nao walikuwa na jibu lao. Usukumani binti wa miaka 18 watu hawamhesabii ada, wanamhesabia ng'ombe. Walikuja wawili, wakanywa chai, wakasema kwa upole tu kwamba mama anajitesa bure. Na huo ulikuwa mwaka ule ule ambao Mahakama Kuu, mwezi Julai, ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, au hata 14 kwa kibali cha mahakama, ni kinyume cha Katiba. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi ule. Lakini hayo nimeyajua baadaye. Sebuleni kwetu mwaka 2016, hiyo 18 ilikuwa na maana mbili tu: baba hatoi tena, na wachumba wanaweza kuja.

Mama aliwasindikiza kaka zake hadi barabarani. Aliporudi akasema, "Soma."

Nikafaulu. Nikachaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa mwingine. Elimu bila ada ilikuwa imeanza mwaka ule wa 2016, lakini iliishia kidato cha nne. Kidato cha tano na cha sita vilikuja kuingizwa mwaka 2022, mimi nimeshamaliza chuo. Na hata ukiiweka ada pembeni, wanaojua ile karatasi ya maelekezo ya kujiunga wanaijua: godoro, shuka, ndoo, sare, rimu za karatasi, jembe, fagio, michango, nauli. Mama alikuwa anauza mchele na michembe sokoni. Akauza cherehani yake, akakopa kwenye kikoba. Deni la kikoba lile alilimaliza nikiwa kidato cha sita.

Sisemi haya ili mnihurumie. Wengi wenu mnaosoma hapa mmepita njia hii hii. Nayasema kwa sababu ya nilichokuja kukijua baadaye.

Mwaka 2023 nilikuwa kwenye semina ya waandishi kuhusu Sheria ya Mtoto, ile Namba 21 ya mwaka 2009. Nilikwenda kwa sababu mhariri alinituma, na kwa sababu ya chakula cha mchana, tusidanganyane. Mwanasheria akawa anapitia sehemu ya matunzo. Akasema amri ya matunzo inakoma mtoto anapotimiza miaka 18. Nikaandika, hilo nalijua. Kisha akafungua ukurasa wa pili. Akasema mahakama inaweza kuiendeleza amri hiyo hata baada ya miaka 18, kama mtoto bado yuko kwenye masomo au mafunzo. Na anayeweza kuomba ni mzazi, au anayeishi na mtoto, au mtoto mwenyewe.

Mtoto mwenyewe. Yaani mimi.

Kalamu ikanitoka mkononi, walahi. Miaka saba nilikuwa naamini kwamba mlango ule ulifungwa na sheria, kumbe sheria ilikuwa imeuacha wazi. Kosa la yule wa ofisini halikuwa kubwa, alisema nusu ya kweli. Ila ile nusu nyingine ilikuwa na uzito wa cherehani ya mama yangu.

Nikaanza kusoma kwa hasira. Ngoja niwape kwa kifupi, maana wapo wanaohitaji.

Zamani, kwa mama aliyezaa bila ndoa, sheria iliyorithiwa kwa mkoloni iliweka ukomo wa matunzo kuwa sh. 100 kwa mwezi. Ndiyo, shilingi mia moja. Sheria ile ilibaki vitabuni hadi hii ya 2009 ilipoifuta. Sheria ya sasa haitaji kiwango. Inamtaka hakimu aangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, kama kuna jambo limempunguzia mmoja wao uwezo wa kutafuta, watoto wengine wanaomtegemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Amri inaweza kuwa ya kila mwezi au ya mkupuo, na mwenye mshahara anaweza kukatwa hukohuko kwenye mshahara. Anayeweza kuiomba amri hiyo si mzazi peke yake. Hata ndugu wa mtoto au ofisa ustawi wa jamii anaruhusiwa. Na anayekwepa wajibu wa mzazi anaweza kutozwa faini isiyozidi sh. milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Wenzetu nao wana hesabu zao. Uingereza matunzo yanaishia miaka 16, lakini yanakwenda hadi 20 kama kijana bado yuko kwenye masomo ya sekondari. Jimbo la New York kule Marekani linasema 21. Majirani zetu Kenya, kwenye Sheria ya Watoto ya 2022, wameruhusu wajibu wa mzazi uvuke 18 penye sababu maalumu. Ukiziangalia sheria hizi unaona wote wamegundua kitu kile kile, kwamba siku ya kuzaliwa haijui kalenda ya shule.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi. Piga hesabu mwenyewe. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza na miaka 7 anamaliza la saba na 14, kidato cha nne na 18, cha sita na 20 au 21. Chuo mpaka 23 au 24. Ile 18 inaangukia pale ambapo gharama ndiyo kwanza zinaanza kupanda. Na ukifika chuo, kwenye fomu za Bodi ya Mikopo yatima ana cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA. Mwenye baba aliye hai asiyetoa kitu hana cheti cha kuambatanisha. Hakuna ofisi inayotoa cheti cha "kimya".

Basi nikawa na silaha yangu. Tangu 2023 nilikuwa naibeba kichwani, nikingoja siku ya kumwambia mzee. Siku hiyo ikaja yenyewe. Mwezi uliopita alinipigia, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Anaumwa kifua. Alikuwa anaongea anakatika, anavuta pumzi, anaendelea. Anaomba nimsaidie fedha ya vipimo.

Wadau, nitakuwa mkweli. Neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa: "Mimi nimetimiza 18, nimemaliza." Sikulisema. Nikasema nakuja.

Nikapanda basi hadi Usagara, nikabadilisha, tukavuka daraja jipya la Kigongo–Busisi. Zamani pale tungekaa kwenye foleni ya kivuko tunakula karanga. Tangu Juni 2025 unapita juu ya ziwa, kilomita tatu, dakika chache tu umeshafika ng'ambo. Nilitamani ile foleni, maana sikuwa nimepanga cha kusema. Sengerema, Geita mjini, kisha Nyarugusu, vumbi jekundu na sauti ya makarasha yanasaga mawe pande zote.

Nilimkuta amekaa nje kwenye kigoda. Mtu aliyekuwa anabeba kiroba cha mawe begani amebaki mabega matupu. "Mwadila, baba," nikamwamkia. "Mwadila, mama," akaniitikia. Hajaacha kuniita mama, mimi ni jina la mama yake.

Hospitali wanashuku kifua kikuu. Wenzake wa duarani wanasema ni vumbi la mwamba, kwamba ukipiga nyundo na moko miaka 15 bila kufunika pua, vumbi linakudai. Inawezekana ni vyote viwili. Vumbi la mwamba huharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika hivyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi.

Tulipomaliza kula nikamuuliza. "Baba, mwaka 2016 uliandika umemaliza. Ulimaliza nini?"

Akakaa kimya sana. Nikadhani hatajibu.

"Duara lilijaa maji tangu Novemba," akasema. "Tulikuwa tunadaiwa dizeli ya pampu. Nakula kwa mama ntilie kwa mkopo, mpaka naye akachoka. Ningemwambia nini mama yako?"

"Ungemwambia huna."

"Miaka mitano mtu anakuandika kwenye daftari, halafu umwambie huna?" Kumbe daftari alikuwa analijua. "Kuna mwenzetu mmoja alisema mtoto akifika 18 sheria inakuachia. Nikaona heri hiyo."

Nikamtolea silaha yangu. Nikamweleza kwamba sheria haikusema hivyo, kwamba ningeweza kuomba mwenyewe, kwamba mahakama ingeendeleza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Na hakimu angeniona sina, angesema nini?"

Hapo nilikosa jibu la haraka, na mpaka leo nalifikiria. Mwenye ajira kwenye mgodi mkubwa ana karatasi ya mshahara, mahakama inaamuru anakatwa. Mchimbaji mdogo je? Anagawiwa mawe kwa mifuko baada ya mwenye leseni na mwenye duara kuchukua chao. Anasaga, anaosha, anaweza kupata gramu kadhaa au asipate kitu. Duara likitema leo anavaa saa mpya, miezi sita inayofuata anaishi kwa mkopo. Kukitokea rashi Bukombe au Kahama anahama usiku, wito wa mahakama unamkuta keshaondoka. Soko la dhahabu lilifunguliwa Geita Machi 2019 na siku hizi mauzo yanaandikwa, lakini jina la yule aliyekuwa chini anagonga mwamba mara nyingi halimo kwenye stakabadhi.

Kwa hiyo huenda hakimu angeona hana, akapunguza. Huenda angesema 10,000. Huenda angesema duara likitema atoe kwa mkupuo. Sijui. Ila ninachojua ni kwamba mtu angeuliza, na mzee angelazimika kusema "sina" mbele ya watu, na mama na mimi tungejua kwamba baba hana, badala ya kujua kwamba baba amemaliza. Kati ya hayo mawili kuna tofauti kubwa. La kwanza ni umaskini, tunaufahamu, tumezaliwa nao. La pili nililibeba kifuani miaka tisa.

Sasa ngoja niwamalizie. Wakati naaga, mzee akamtaja yule kijana wa Katoro, mdogo wangu. Ana miaka 17, yuko kidato cha tatu. "Mwakani anatimiza 18," akasema. "Ataingia duarani, ajitegemee."

Nikahisi kizunguzungu. Umri ule ule uliofunga mfuko wa baba ndio unaomfungulia mtoto mlango wa duara, maana chini ya miaka 18 sheria inakataza kazi hiyo. Na huyo anayesema hivyo anakohoa mbele yangu.

Nikapitia Katoro. Mama yake anauza mitumba. Sikuwahi kumwona kabla, na kwa miaka mingi nilikuwa nimemchukia bila kumjua. Tukasalimiana kwa heshima, akanipa stuli. Naye mzee alishamwacha. Nikamweleza habari ya kuendeleza matunzo, kwamba waende ustawi wa jamii na mahakamani mapema kabla kijana hajafika 18, wachukue barua ya shule. Akacheka kidogo. "Mwanangu, nimshtaki mgonjwa?"

Nikamwambia sheria inaangalia uwezo wa wazazi wote wawili. Akasema, "Basi itaniona na mimi." Tukacheka wote, ingawa hapakuwa na cha kuchekesha.

Yule kijana alirudi kutoka shule jioni. Anafanana na mimi mpaka inatisha. Nikamwambia kitu kimoja: usiache shule kwa sababu ya siku ya kuzaliwa. Nikamwandikia kwenye karatasi jina la sheria na mwaka wake, na namba yangu ya simu chini yake. Sare na michango ya kidato cha nne nitatoa mimi. Nilichomwomba ni asiingie duarani kabla ya mtihani.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mama kila kitu, pamoja na lile la dizeli ya pampu. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Nikamwambia nimemwachia baba sh. 40,000 ya vipimo.

"Kila mwezi?" akauliza.

"Sijui."

"Mwambie kiasi unachoweza, na mwezi usipoweza umwambie huwezi. Usimwache anangoja simu."

Akaendelea kuchambua mchele wake.

Sheria ile ile ya 2009 inasema pia kwamba mtoto ana wajibu wa kuwaheshimu wazazi na kuwasaidia wanapohitaji. Nimeuangalia umri wangu, nimeiangalia ile sheria. Mimi si mtoto tena, kwa hiyo kisheria hainihusu. Naweza kumwandikia mzee ujumbe wa maneno sita kama aliouandika yeye.

Juzi nimemtumia 20,000, ndiyo niliyokuwa nayo. Nikamwandikia kwamba mwezi huu mambo ni magumu. Akajibu, "Asante mama, nimeelewa."

Kama uko kidato cha nne na miaka 18 imekukuta, au una mdogo wako wa aina hiyo, usikubali jibu la mlangoni. Omba muda uongezwe, nenda mwenyewe, beba barua ya shule. Na kama wewe ndiye mzazi unayetuma na umeishiwa, sema umeishiwa.